Lenzi za dijitali kwenye kamera ya filamu

Lenzi za kihisi kidogo ni lenzi zilizotengenezwa kwa kamera za dijitali ambazo kihisi chake ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35. Baadhi yake huweza kufungwa kwenye kamera ya filamu, lakini mara nyingi pembe za picha hutoka nyeusi.

Sababu ya pembe nyeusi

Lenzi hutupa nuru katika umbo la duara, na picha ya mstatili huchukuliwa ndani ya duara hilo. Kwa hiyo kipenyo cha duara hakipaswi kupungua ulalo wa mstatili, yaani umbali kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili.

Fremu ya filamu ina milimita 36 kwa 24. Kwa kanuni ya Pythagoras, ulalo wake ni takriban milimita 43. Kihisi cha aina ya APS-C katika kamera za Nikon kina takriban milimita 24 kwa 16, na ulalo wake ni kama milimita 29. Duara linalotosha kihisi hicho linaweza lisifike kwenye pembe za filamu.

Urefu wa fokasi haubadiliki. Lenzi ya milimita 35 hubaki ya milimita 35; ila kwenye filamu huonyesha eneo pana zaidi, kwa kuwa fremu ni kubwa zaidi.

Nikon

Kiungio cha F kilianza mwaka 1959, na lenzi nyingi za DX hutumia kiungio hichohicho. Hata hivyo, lenzi hizo hazina pete ya kubadilishia uwazi. Kamera kama F80, F100 na F5 huweza kuuongoza uwazi wa lenzi za DX za aina ya G. Kwenye FM2, lenzi ya namna hiyo hubaki kwenye uwazi mdogo kabisa, hivyo huhitaji mwanga mwingi. Lenzi za aina ya E huendeshwa kwa umeme, na kamera za filamu haziwezi kuzibana.

Canon

Lenzi za EF-S, zilizoanza mwaka 2003, hazifungi kwenye kamera za filamu za EOS. Sehemu yake ya nyuma huingia ndani zaidi. Anayekata kizuizi ili ifunge anahatarisha kamera yake, kwani kioo kinachoinuka wakati wa kupiga picha kinaweza kugonga lenzi.

Namna ya kuzitumia

Lenzi za kuvuta huweza kufaa katika sehemu tu ya urefu wake. Kwa mfano, Nikkor DX ya milimita 12–24 hufunika fremu ya filamu kuanzia takriban milimita 18, na Tokina ya milimita 11–16 hufunika inapokaribia 16.

Kabla ya kupiga, ondoa kofia ya lenzi inayozuia jua, kwa sababu nayo imekatwa kwa kipimo cha kihisi kidogo. Kisha tazama pembe zote nne kupitia kitundu cha kutazamia. Kamera nyingi huonyesha mandhari lenzi ikiwa wazi kabisa. Ikibanwa, ukingo wa weusi huonekana mkali zaidi. Kama kamera ina kitufe cha kuonyesha uwazi halisi, kibonyeze kwanza. Kwenye filamu kosa halionekani hadi isafishwe, na tukio lililopita halirudi.