Sura Mpya, Anwani Ileile

Mteja anayetaka tovuti yake ibadilishwe sura huanza na rangi. Mmoja huja na picha ya tovuti ya benki aliyoipenda, mwingine ana nembo mpya, mwingine amechoshwa tu na kijani alichokitazama miaka kumi. Namsikiliza mpaka amalize. Kisha naomba niingie kwenye seva niangalie yasiyoonekana: programu ni ya toleo lipi, mandhari (yaani maagizo ya kuchora sura ya tovuti) ilitengenezwa na nani na kama bado anaishughulikia, na anwani za makala zimepangwaje. Rangi ukiibadilisha Jumatatu unaweza kuirudisha Jumanne. Anwani ikivunjika, yuko msomaji atakayekuta ukurasa haupo, na huyo harudi tena.

Kazi hii naifanyia Dar es Salaam. Wateja wangu wengi ni wadogo: shule, parokia, redio ya wilayani, watu binafsi wenye jambo la kusema. Karibu wote wanatumia WordPress, wala si ajabu, kwani kwa hesabu za W3Techs programu hiyo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani.

Chanzo chake ni kazi iliyoachwa njiani. Wanablogu wengi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitumia programu ya bure iitwayo b2, iliyoandikwa na Michel Valdrighi. Valdrighi akanyamaza, masasisho yakakoma. Januari 2003, Matt Mullenweg, mwanafunzi wa miaka 19 huko Houston, Marekani, akaandika kwamba programu anayoitegemea imekosa mwenyewe, na kwa kuwa leseni yake inamruhusu yeyote kuichukua na kuiendeleza, anafikiria kufanya hivyo. Mike Little wa Uingereza akamjibu kwamba yuko tayari kushirikiana naye. Tarehe 27 Mei 2003 wakatoa toleo la kwanza la WordPress. Wateja huwa nawasimulia habari hii kwa makusudi. Programu yoyote inaweza kuachwa na aliyeitengeneza, na inapoachwa, leseni huria ndiyo inayowapa wengine haki ya kuiendeleza.

Katika matoleo yale ya mwanzo, maagizo ya kuchora ukurasa yalichanganyika na programu yenyewe. Ukitaka safu ya pembeni ihame kutoka kulia kwenda kushoto, ulifungua faili kuu ukakatakata humo. Toleo jipya likija, faili hilo liliandikwa upya na kazi yako ikafutika. Watu wakaogopa kusasisha, na ni haki yao. Februari 2005 toleo la 1.5 likaitenga mandhari kwenye folda yake. Mandhari iliyokuja nayo, Kubrick, ilichorwa na Michael Heilemann wa Denmark: ukurasa mweupe, juu yake kichwa cha buluu chenye kona za mviringo. Aliyesoma blogu miaka ile ataikumbuka hata kama hakuwahi kulisikia jina lake.

Tangu hapo blogu ya WordPress ina mafungu yanayokaa mbalimbali, na natamani kila mwenye blogu ayajue kama anavyojua vyumba vya nyumba yake. Kuna programu yenyewe, ambayo hupaswi kuigusa kwa mkono. Kuna folda ya wp-content, yenye mandhari, plagini (programu ndogo za nyongeza), na picha zako zilizopangwa kwa mwaka na mwezi. Halafu kuna kanzidata, na ndani yake jedwali liitwalo wp_posts. Makala zako zinakaa humo, kila moja kwenye mstari wake. Mandhari haina hata neno lako moja. Ukiifuta leo, makala zote ziko palepale, zinangoja mandhari nyingine izichore.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililomwambia mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga aliponipigia simu mwaka jana. Tangu 2009 anaandika kuhusu bendi za dansi za mji wake, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz: nani alipiga gitaa la solo, wimbo upi ulitungiwa nani, ukumbi upi ulijaa mpaka watu wakasikilizia barabarani. Alianza miaka michache baada ya Ndesanjo Macha kuonyesha kwa blogu yake ya Jikomboe kwamba Kiswahili kina nafasi yake mtandaoni, na baada ya Muhidin Issa Michuzi kuanza, mwaka 2005, kuwapa Watanzania picha za kila siku. Wanafunzi wa vyuo wanamnukuu kwenye tasnifu zao. Mengi aliyoyaandika hayapo kwenye kitabu chochote, na wengi waliomsimulia wameshafariki.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Bendi zangu zimekwenda wapi?”

Ukurasa ulikuwa mweupe tupu. Kampuni inayomhifadhia tovuti ilikuwa imehamishia seva zake kwenye PHP 8. PHP ni lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, nayo pia ina matoleo, na kila toleo kubwa huacha baadhi ya maagizo ya zamani. Mandhari ya Mwalimu, ya mwaka 2010 hivi, ilitumia agizo liitwalo create_function. Agizo hilo lilishatangazwa kwamba litaondolewa, na toleo la 8.0 la Novemba 2020 likaliondoa kweli. Aliyetengeneza mandhari hiyo alikuwa ameiacha siku nyingi, hivyo hakukuwa na wa kuirekebisha. Na WordPress yenyewe ilibaki kwenye toleo la 4.9, lililoandikwa kabla PHP 8 haijazaliwa. Seva ilipokutana na agizo isilolijua, ikasimama hapohapo bila kuchora chochote.

Kwa nini 4.9? Kwa sababu 5.0 ya Desemba 2018 ilileta mhariri mpya aitwaye Gutenberg, ambamo kila aya, kila picha na kila kichwa cha habari ni bloku inayojitegemea. Mwalimu aliiona kwa rafiki yake, hakuipenda, akaamua asisasishe kamwe. Ninamwelewa. Mtu aliyezoea kuandika kwenye ukurasa mmoja mrefu, kama daftari, anavurugwa na visanduku vinavyojitokeza kila akibonyeza. Ila hakuna aliyemwambia kwamba waliotengeneza WordPress walitoa plagini iitwayo Classic Editor, inayorudisha ukurasa wa zamani wa kuandikia huku programu ikiendelea kusasishwa. Mamilioni ya tovuti zinaitumia. Mwalimu angeweza kubaki na daftari lake miaka yote hiyo, na blogu ikabaki salama.

Nasema salama kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 2017. Tarehe 26 Januari lilitolewa toleo la 4.7.2. Ndani yake kulikuwa na tiba ya udhaifu uliomwezesha mtu yeyote, bila nenosiri, kubadilisha maandishi ya makala yoyote kwenye matoleo mawili yaliyotangulia. Wahusika waliificha habari kwa karibu wiki nzima ili masasisho ya kujiendesha, yaliyoanza na toleo la 3.7 mwaka 2013, yafike kwenye tovuti nyingi kwanza. Walipoitangaza tarehe 1 Februari, wadukuzi walianza kazi, na katika siku chache kurasa zaidi ya milioni moja zilichafuliwa. Walioumia ni wale waliozima masasisho. Mtu akiniambia kwamba blogu yake ni ndogo, hakuna atakayehangaika nayo, namweleza habari hiyo. Anayeshambulia hachagui, ana programu inayogonga kila anwani.

Tulianza kwa kurudisha PHP ya 7.4 kupitia paneli ya kampuni ile, blogu ikaonekana tena siku hiyohiyo. Baada ya hapo nikachukua nakala rudufu, na hapa naomba msomaji mwenye tovuti anisikilize vizuri: nakala rudufu ni vitu viwili, folda ya wp-content pamoja na kanzidata. Ukiwa na folda peke yake una picha bila maneno. Ukiwa na kanzidata peke yake una maneno yanayotaja picha zisizokuwepo. Zote mbili zikae nje ya seva, kwenye kompyuta yako au diski ya pembeni. Nikajenga nakala ya blogu mahali pasipoonekana na wasomaji, nikasasisha humo, nikaangalia kilichovunjika, nikatengeneza. Blogu hai niliigusa mwisho.

Ndipo ikaja zamu ya sura. Mpwa wa Mwalimu, kijana mwerevu anayesoma chuo, alitaka mwanzoni mwa ukurasa kuwe na picha kubwa zinazopishana zenyewe. Nilipinga, na nitaendelea kupinga popote. Picha hizo hupakuliwa zote hata kama msomaji ataiona ya kwanza tu, na anayelipia ni msomaji kwa bando lake. Wasomaji wa Mwalimu ni wazee wenye simu za bei nafuu, na watoto wao walioko mbali na Tanga. Wanakuja kusoma.

Mandhari ya zamani ilikuwa na upana usiobadilika, pikseli 960, kama ilivyokuwa desturi wakati ule. Ethan Marcotte alikuwa ndiyo kwanza ameandika, Mei 2010, makala iliyofundisha ulimwengu kutengeneza ukurasa unaojipanga upya kufuata upana wa kioo. Kwenye simu, maandishi ya Mwalimu yalikuwa madogo kiasi kwamba ni lazima uyavute kwa vidole viwili, usome mstari, usogeze, urudi. Miaka yote hiyo watu walimsoma hivyo, kwa mapenzi tu.

Nikachagua mandhari nyepesi inayosasishwa mara kwa mara, na marekebisho yangu yote nikayaweka kwenye mandhari-mtoto, yaani folda ndogo inayorithi kila kitu kutoka kwa mandhari-mzazi na kushika tofauti tu. Mzazi akisasishwa, tofauti zetu hazifutiki. Maandishi nikayafanya makubwa. Kijivu kilichofifia, ambacho wasanifu wanakipenda mno, nikakikataa: kiwango cha WCAG, cha kurasa zinazosomeka na wote, kinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na atakayesoma juani pale Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, anahitaji zaidi ya hapo. Menyu nayo ilitaka kazi. Mandhari nyingi huchorwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Ukiweka “Waliotutangulia” na “Wasiliana na Mwandishi”, vitufe vinapandana. Nikaipanga wima.

Picha zilichukua muda mrefu kuliko vyote. Mwalimu alizinakili kwa skana, nyingine zina megabaiti nne. Tangu toleo la 4.4 la Desemba 2015, WordPress hukipa kila kioo picha ya ukubwa unaokifaa, na tangu 5.5 ya Agosti 2020 huchelewesha picha za chini mpaka msomaji azikaribie. Lakini picha za miaka iliyopita zilikatwa kwa vipimo vya mandhari ya zamani, kwa hiyo ilibidi zote zizalishwe upya kwa vipimo vipya. Wengi husahau hatua hii, kisha wanalaumu mandhari kwamba inafanya picha kuwa na ukungu.

Tulipofika kwenye anwani tukabishana. Za Mwalimu zilikuwa na mwaka na mwezi ndani yake. Mpwa akaona ni za kizamani, akataka zibaki jina la makala tu, na makala zisizosomwa sana zifutwe ili blogu “iwe safi”. Nikamweleza kwamba Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Anwani za Mwalimu zimechapishwa kwenye tasnifu zilizoko kwenye rafu za maktaba, na karatasi haiwezi kusahihishwa. Ni zipi “hazisomwi”? Makala ya mpiga ngoma mmoja, iliyofunguliwa mara chache sana, ilikuwa na maoni ya mjukuu wake aliyekuwa hajawahi kuiona sura ya babu yake.

Anwani zikabaki zilivyo. Chache zilizokuwa lazima zihame, kwa sababu kurasa mbili ziliunganishwa kuwa moja, niliziwekea elekezo la 301, linaloiambia simu ya msomaji na mitambo ya utafutaji kwamba ukurasa umehamia pengine moja kwa moja. Ni kama muuza duka anayebandika kibao mlangoni kueleza alikohamia, ila hiki kinamchukua mteja na kumfikisha.

Onyo jingine ni kuhusu plagini za kujengea kurasa kwa kuburuta na kudondosha. Zinavutia, lakini baadhi huhifadhi maneno yako yakiwa yamefungwa ndani ya misimbo yao yenye mabano. Siku ukiiondoa plagini, makala inabaki imejaa misimbo hiyo. Kabla hujaikubali, andika nayo ukurasa mmoja wa majaribio, izime, utazame kilichobaki.

Mwalimu sasa yuko kwenye toleo la karibuni, anaandikia Classic Editor, na masasisho madogo yanajiendesha. Alifurahi kusikia kwamba matoleo makubwa ya WordPress hupewa majina ya wanamuziki wa jazi. Akaniuliza la mwanamuziki wetu Mbaraka Mwinshehe lini. Limebaki suala la jina la tovuti. Limesajiliwa kwa barua pepe ya fundi aliyemjengea blogu mwaka 2009, na fundi huyo namba yake haipatikani. Muda wa jina ukiisha bila kulipiwa, mtu mwingine anaweza kulichukua, na kazi yote niliyoieleza hapa itakuwa haina mlango. Tumeshaiandikia kampuni iliyolisajili, tukaambatisha risiti za malipo za Mwalimu na nakala ya kitambulisho chake. Wewe unayesoma hapa, ulizia leo la kwako limeandikwa kwa jina la nani, na linaisha lini.