Elimu ya Malisho ya Akiba, Sehemu ya Nne: Tindikali ya Virtanen na Molasi Yetu

Habari za ng'ombe wanaokufa kwa kiangazi zimerejea magazetini, nami, kwa kuwa katika makala zilizotangulia tumekwisha kueleza jinsi ya kuchimba shimo, kukatakata majani na kuyashindilia hata hewa ikatoka, naona leo yafaa tuzungumze juu ya vitu vitiwavyo ndani ya sileji, yaani majani hayo yaliyoshindiliwa shimoni, ili ichachuke kwa salama pasipo kuoza.

Mwenye sifa katika jambo hili ni Artturi Virtanen wa Ufini, mkemia aliyezaliwa Helsinki mwaka 1895, ambaye mimi humtaja kila nipatapo nafasi, hata wenzangu wakachoka kunisikiliza. Kwao baridi ni ya miezi mingi, ng'ombe hukaa zizini, na majani yaliyovunwa yakiwa na maji aghalabu yaliharibika akibani: bakteria waovu waliigeuza protini kuwa amonia, wakafanya asidi ya butiriki yenye uvundo, na madhara yake yakafuata mpaka katika jibini. Virtanen alitambua kwamba kipimo cha uchachu, kiitwacho pH, kikishushwa upesi chini ya 4, waharibifu hao hawana maisha. Basi akayanyunyizia majani tindikali za hidrokloriki na salfuriki zilizozimuliwa kwa maji, na njia hiyo, iliyoitwa AIV kwa herufi za jina lake, ndiyo hasa iliyompatia tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1945.

Lakini linalonipendeza kuliko tuzo ni kwamba maabara yake ilikuwa mali ya Valio, ushirika wa viwanda vya maziwa ulioanzishwa mwaka 1905 kwa ajili ya kuuza siagi ng'ambo. Wafugaji wenyewe ndio waliomlipa mwanachuoni mshahara! Je, vyama vyetu vya ushirika, ambavyo havijapata kukosa wenyeviti, ni vingapi vimemwajiri mkemia? Twagawana masurufu ya vikao mwaka mzima, kisha ng'ombe wakifa twasema ni kudura. Huo ni uzembe, na kumsingizia Mola ni utovu wa adabu juu yake.

Ama tindikali kali hatuna haja nazo, na huko Ufini kwenyewe baadaye ziliipisha asidi ya fomiki. Majani ya tembo yana maji mengi na sukari haba, ilhali bakteria wema, wafanyao asidi ya laktiki, chakula chao ni sukari. Kwa hiyo yanyaushwe juani kwanza, kisha yatiwe molasi, kilo 30 hadi 50 kwa tani moja ya majani mabichi, ikizimuliwa kwa maji na kunyunyiziwa kila tabaka kabla ya kushindiliwa. Wako wauzao bakteria hao katika pakiti, nao wafaa, lakini kuwatia pasipo sukari ni kualika wageni karamuni na jiko halijawashwa. Majani yaliyokomaa yakawa miti, hayo hata molasi haiyarudishii protini. Yakatwe yangali na kimo cha mita moja hivi. Namna ya kufungua shimo na kulisha tutaieleza katika sehemu ya tano.