Je, Wajua? Ngao ya Mchawi Huja Baada ya Pigo

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliozaliwa Marekani mwaka 1974, mchawi huweza kukinga upanga ambao tayari umempata. Dadu lenye pande 20 limeshatupwa. Pigo limetangazwa. Hapo ndipo mchezaji husema: “Shield!” Kinga yake hupanda kwa alama 5, na hesabu hurudi nyuma hadi pigo lilelile. Adui alipata 17 dhidi ya kinga ya 15. Sasa kinga ni 20. Upanga umekosa!

Kago hilo hudumu hadi zamu inayofuata ya mchawi. Huzima hata Magic Missile, vishale vya uchawi visivyokosa shabaha kamwe. Ila dadu la mshambuliaji likilala kwenye 20 yenyewe, pigo la silaha hupenya tu, ngao au si ngao.

Mzunguko mzima wa mapigano ni sekunde 6, na ndani yake kila mhusika ana jibu moja tu la ghafla, kama hilo la Shield. Ukilimaliza kwa mshale mdogo, moto ukija utautazama. Wabahili hufaidika hapa.

Jibu jingine ni Counterspell: huweza kuukata uchawi wa adui ungali mdomoni, mradi umwone na awe ndani ya futi 60. Kwa kanuni za mwaka 2014, yeye naye, kama hakuwa ametumia jibu lake, aliweza kuikata Counterspell yako kwa Counterspell yake. Mezani ikawa kelele tupu.

Na jibu la Feather Fall? Huwadaka hadi watu 5 wanaoanguka wakiwa hewani, wakashuka kama unyoya.