Mama Aliyekataa Sanduku la Mbao

Ndugu msomaji, mama akifa watu hufanya haraka. Mmoja hukimbilia kwa seremala, mwingine hutafuta ng'ombe, na wanawake huwasha moto nyuma ya nyumba kwa ajili ya wageni. Katika haraka hiyo ni nani anayeuliza, Mama mwenyewe alitaka nini? Leo nataka tumkumbuke mama mmoja ambaye watoto wake walilishika neno lake, ijapokuwa lilikuwa gumu masikioni mwa wengi.

Mama huyo ni Wangari Maathai. Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 71. Aliacha watoto watatu na mjukuu mmoja wa kike aliyebeba jina lake. Habari zake kubwa unazijua. Alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na wanawake wa vijijini wakapanda miti kwa mamilioni. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Hayo sitayarudia. Nataka kukuonyesha alikolitoa neno lake, maana hakulitoa chuoni. Alilipata kwa mama yake.

Wangari alizaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, Nyeri. Mama yake, Wanjiru, alikuwa mkulima, naye alimpa binti yake kijishamba kidogo katikati ya shamba lake, apande mwenyewe. Mtoto akapanda, kisha akawa anazifukua mbegu aone kama zimeota! Mama akamwambia azifunike na kuziacha, zitatoka zenyewe. Wewe uliyelea watoto utacheka, maana umeyaona hayo.

Karibu na nyumbani palikuwa na mugumo mkubwa, na jirani yake kijito cha maji safi. Mtoto alipotumwa kuni, mama alimwonya asiokote hata kijiti cha mti ule, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu, haukatwi wala hauchomwi. Basi aliokota kwingine. Tena akienda kuteka maji alicheza katikati ya majani ya nduma, akaona mayai ya vyura yamejipanga kama ushanga. Alijaribu kuyainua, lakini kila mara yalikatika vidoleni mwake. Habari hiyo ya kijito aliisimulia mbele ya wakuu mjini Oslo, Desemba 2004, siku ya kupokea tuzo. Angeweza kujisifu kwa shahada zake, naye alikuwa nazo. Yeye akasema juu ya maji aliyomtekea mama yake.

Baada ya masomo yake ya Marekani alirudi kijijini akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Mizizi ya mti ule hupenya katika mwamba mpaka kwenye maji yaliyo chini, na maji hupata njia ya kupanda juu. Ndipo alipofahamu kwamba lile katazo la mama yake halikuwa hadithi ya kutishia watoto.

Sasa tufike kwenye mazishi. Wangari aliagiza kwamba usikatwe mti kwa ajili ya sanduku lake. Jamaa zake wakatii. Sanduku likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji, yale yale yanayowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Tarehe 8 Oktoba 2011 serikali ilimfanyia mazishi ya heshima, na watu wakakusanyika Uhuru Park, kwenye pembe ile ambayo mwaka 1992 aliketi pamoja na akina mama waliofunga kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa waachiliwe. Kisha mwili ukapelekwa Kariokor, ukachomwa, kwa kuwa hilo nalo alilitaka.

Maneno yalikuwa mengi. Wengi wetu tumezoea kumzika mtu katika shamba lake, kaburi lionekane, na wajukuu waoneshwe. Mimi pia nilinung'unika niliposikia. Lakini wafikirie watoto wale. Wangeweza kusema, "Marehemu haoni, tununue sanduku la mvule kama watu wengine wenye heshima." Nani angewalaumu? Wakakubali kusemwa wao, mama yao asivunjiwe neno.

Sisi tulipomzika nyanya yetu mambo yalikuwa mengine. Tulinunua sanduku zito lenye vishikio vya kung'aa, tukakopa fedha, na deni hilo tulililipa kwa miezi mingi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza nyanya, hata mara moja, wakati alipokuwa hai na tulikuwa tukinywa chai yake. Nyanya alikuwa mtu wa kanga mbili na jembe moja. Nadhani angetuuliza bei kwanza, kisha angetufukuza wote nyumbani kwake. Tena kuni za matanga zilipokwisha siku ya pili, vijana walichukua shoka wakaukata mparachichi alioupanda kwa mikono yake.

Mama yangu yu hai. Jumapili iliyopita baada ya ibada nilikwenda kwake, na tulipokwisha kula nilimwuliza. Niliogopa atafikiri namtakia mabaya, nikazungukazunguka sana kabla ya kulisema neno lenyewe. Yeye akacheka.

"Mwanangu, nilikuwa nikingoja mniulize. Siku mlipoukata mti wa nyanya yenu nilinyamaza, kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa wageni. Wangu ule kando ya kisima msiuguse. Nunueni kuni sokoni."