Wasio na kaburi wana majina



Mwezi huu tunawakumbuka manesi wa vita. Sisi tulio hapa Kisinga tunajua thamani ya nesi. Wengi wetu, tulipovuka Mpondwe, nesi ndiye alitupokea na vidonda vyetu.

Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Ceylon, siku hizi Sri Lanka. Ilibeba watu 1,511, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na manesi wa jeshi la Uingereza, waende kutibu majeruhi wa vita ya Burma. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Wajapani ya chini ya maji iliipiga. Dakika 3 hazikuisha, imezama. Walikufa 1,297. Kati ya wanawake wote walipona 6 tu.

Kaburi lao ni bahari. Lakini majina hayakuachwa yapotee. Ya askari wetu yako Nairobi, kwenye makaburi ya vita, barabara ya Ngong. Ya manesi yako Brookwood, Uingereza. Ndugu anafika, anatafuta jina, analigusa.

Hata sisi tuna watu tuliowaacha njiani bila kaburi. Bustani ya ukumbusho hatuna, mawe hatuna. Daftari tunalo. Mama na papa, jioni hii kaeni na watoto, wataje waliobaki nyuma, na nesi aliyewatibu pia. Mtoto anayejua kuandika aandike.

Tukutane mwezi ujao.