Tony Williams: Kijana Aliyezipa Ngoma Usukani

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za kijana mmoja wa Marekani. Mwaka 1963 alikuwa na miaka 17, umri wa kubeba madaftari kwenda sekondari. Mwaka huohuo alikaa nyuma ya drams katika bendi ya Miles Davis, mpiga tarumbeta aliyekuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa muziki wa jazi. Umri wake ulileta shida, maana kumbi nyingi walikopiga ziliuza pombe, na sheria haikumruhusu kijana kama yeye kuwemo humo usiku. Jina lake ni Tony Williams.

Mtauliza, alifikaje hapo mapema hivyo? Tony alizaliwa Chicago tarehe 12 Desemba 1945, akakulia Boston. Baba yake, Tillmon, alikuwa mpiga saksafoni, na alimzoesha mwanawe kumbi za muziki tangu utotoni. Mtoto akakaa, akatazama mikono ya wapiga drams. Siku ilipofika akaomba naye ajaribu, akakubaliwa. Baadaye akapata mwalimu hodari mjini humo, Alan Dawson, aliyemfundisha kutuliza mikono na kupiga kila pigo kwa usafi.

Lakini siri yake kubwa ilikuwa kuiga. Tony alichukua santuri za Max Roach, akajitahidi kupiga kama Max Roach. Akahamia kwa Art Blakey, kisha kwa Philly Joe Jones. Hakuona haya kuitwa mwigaji. Aliamini kwamba ukitaka kujua kwa nini fundi amegonga hapa na kunyamaza pale, sharti kwanza mikono yako ipite njia aliyopita yeye. Mwisho wa mwaka 1962 mpiga saksafoni Jackie McLean alimsikia Boston, akamchukua kwenda New York. Baada ya miezi michache Miles Davis naye akamtaka.

Sasa niwaeleze alichokifanya, maana sifa bila maelezo ni kelele tu. Mpiga drams hutumia mikono miwili na miguu miwili. Mkono wa kulia hugonga toazi kubwa, na hapo ndipo mwendo wa jazi unapokaa. Mkono wa kushoto hushughulika na ngoma ndogo yenye sauti kali. Mguu wa kulia hupiga ngoma kubwa iliyolazwa chini, na wa kushoto hufumba na kufumbua matoazi mawili yanayokutana. Desturi ya siku zile ilikuwa kufumba matoazi hayo katika pigo la pili na la nne. Tony mara nyingine aliyafumba katika mapigo yote manne, na mwendo ukapata msukumo mpya.

Jaribuni jambo moja hapo mlipo. Gongeni goti la kulia mara tatu, na katika muda uleule gongeni la kushoto mara mbili. Magoti yaanze pamoja, na kila mzunguko mpya yakutane tena. Si rahisi! Migongano ya namna hii imejaa katika ngoma nyingi za Afrika, na jazi ilizaliwa na vizazi vya Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani. Tony aliweza kushika migongano hiyo kwa viungo vyote vinne, tena kwa kasi ya kutisha, na wenzake wasipotee.

Bendi hiyo ya Miles ilikuja kuwa na Wayne Shorter kwenye saksafoni, Herbie Hancock kwenye piano na Ron Carter kwenye besi. Ndani yake Tony hakungoja zamu. Alikuwa kama mzee wa barazani anayejua wakati wa kudakia neno, wakati wa kupinga na wakati wa kunyamaza ili mwenzake asikike. Tafuteni wimbo wa Nefertiti wa mwaka 1967. Tarumbeta na saksafoni hurudia sauti ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na chini yake drams, piano na besi ndizo zinazobadilika. Kazi ilipinduliwa: waliozoea kusindikiza wakawa mbele. Miles mwenyewe aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba sauti ya bendi ile ilimzunguka Tony.

Mwaka 1969 angeweza kubaki kwenye sifa hiyo. Akaondoka. Vijana wa wakati huo walisikiliza roki, gitaa za umeme na vipaza sauti vikubwa, na Tony alipenda muziki huo kwa dhati. Akamwita mpiga gitaa John McLaughlin kutoka Uingereza na mpiga kinanda Larry Young, wakaanzisha kundi la Lifetime. Albamu yao ya kwanza, Emergency!, ilitoka mwaka huohuo. Ilikuwa na nguvu ya roki na uhuru wa jazi. Baadhi ya wapenzi wa jazi waliikunjia uso, na kundi halikupata fedha nyingi. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. McLaughlin akaanzisha Mahavishnu Orchestra mwaka 1971, na muziki huo wa kuunganisha jazi na roki ukaenea duniani kwa jina la fyusheni.

Hata ngoma zake zilibadilika. Ile ngoma kubwa ya inchi 18 aliyoitumia kwa Miles aliiacha, akachukua ya inchi 24, na seti yake ya rangi ya manjano ikawa alama yake. Na alipokwisha kuwa bingwa alirudi kuwa mwanafunzi: akajifunza utunzi wa muziki, na mwaka 1996 akatoa Wilderness, albamu yenye kazi alizoziandikia okestra. Alifariki California tarehe 23 Februari 1997, akiwa na miaka 51 tu.

Wapiga drams wengi bado hujifunza kwake. Cindy Blackman Santana, mmoja wa waliomfuata kwa moyo, alitoa albamu ya kumuenzi aliyoiita Another Lifetime. Ndivyo ilivyo: Tony aliwaiga waliomtangulia, na waliomfuata wakamuiga yeye.

Basi, wanangu, anayependa chombo chochote amchague fundi mmoja, amsikilize, amuige pigo kwa pigo bila aibu. Kisha amchague wa pili, na wa tatu. Mikono ikishajua njia za watu watatu, itaanza yenyewe kutafuta ya nne, na hiyo ya nne itakuwa yake mwenyewe.