Bunia: «Ulifanya nini na mtu mgumu?», swali linalowangoja watafuta kazi

Muji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, ni muji wa mashirika ya kiutu. Vijana wanaotoka Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu Shalom na vyuo vingine wanaweka barua, wanafanya jaribio la kuandika, kisha wanaobaki wanaitwa mbele ya wahojaji wawili ao watatu. Hapo ndipo linakuja swali ambalo hakuna somo la darasani linaloweza kulijibu: «Tuelezee wakati ulifanya kazi na mtu ao kundi gumu. Ulifanya nini?»

Swali hili si mtego, na huko Ituri lina uzito wake. Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Mfanyakazi anayetoka Bunia kwenda Djugu, Irumu ao Mambasa anakutana na afisa wa jeshi, chifu wa kimila, kamati ya wahami kambini, vijana wanaodai kazi za siku zipewe wenyeji, na wakati mwingine watu wenye silaha barabarani. Kila mmoja anaweza kuzuia msaada usifike. Anayeajiri anataka kujua kama mtu huyu atafungua njia ao ataifunga.

Historia ya jimbo inaonyesha gharama ya kukosa uaminifu wa watu. Tarehe 26 Aprili 2001, wafanyakazi sita wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliuawa wilayani Djugu. Ugonjwa wa Ebola ulipopiga Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, zaidi ya watu 2 200 walikufa, na timu za kupambana nao zilipingwa mara nyingi. Mnamo Novemba 2019, mwandishi wa habari Papy Mumbere Mahamba, aliyekuwa akihamasisha watu juu ya Ebola kwenye redio ya jamii, aliuawa nyumbani kwake Lwemba, wilayani Mambasa.

Lakini kipindi hicho kilifundisha pia. Familia zilizoogopa kwamba wagonjwa wao wanapotea ndani ya vituo zilianza kuona kinachoendelea, kwani vilitumiwa vyumba vyenye kuta zinazoonyesha ndani, na jamaa akaweza kumwangalia mgonjwa wake bila kuambukizwa. Aliyeitwa mgumu alikuwa mtu mwenye hofu ambayo hakuna aliyemuuliza. Ndicho kitu cha kwanza ambacho wahojaji wanasikiliza katika jibu: je, mtafuta kazi alijaribu kujua sababu ya ugumu?

Jibu zuri linapita hatua nne: hali ilikuwa gani, jukumu la msemaji lilikuwa nini, alifanya nini yeye mwenyewe, na matokeo yakawa yapi. Mfano wa kubuni: chifu anakataa mbegu zigawanywe kijijini mpaka majina 30 aliyoleta yaongezwe kwenye orodha. Jibu zaifu ni hili: «Nilimuelewesha, akakubali.» Halionyeshi kitu.

Jibu lenye nguvu linaeleza kwamba mfanyakazi alimwendea chifu nyumbani kwake asubuhi, akamsalimu kwa heshima, akasikiliza. Akagundua kwamba orodha ilifanywa bila chifu kujulishwa, na kwamba familia zinazopokea wahami majumbani mwao zilisahauliwa. Akamjulisha mkubwa wake wa kazi. Wakakubaliana kila jina lipimwe kwa kanuni zilezile na orodha isomwe mbele ya watu wote. Majina 11 yakaingia, 19 yakakataliwa, na chifu akaelezwa sababu. Kugawa kukachelewa siku mbili, lakini kukafanyika kwa amani. Mwishoni msemaji anataja somo alilopata: chifu ajulishwe kabla ya orodha, si kisha.

Jibu hilo linaonyesha pia mpaka. Kusikiliza si kukubali kila kitu. Kanuni ya kutopendelea, inayoongoza kazi ya kiutu, inataka msaada ufuate hitaji la mtu, si ukoo wake wala cheo chake. Anayejisifu kwamba alitoa franga kidogo kwenye kizuizi ili gari lipite anafikiri ameonyesha ujanja, kumbe ameonyesha rushwa.

Makosa mengine yanarudia-rudia. Kuna anayesema hajawahi kukutana na mtu mgumu; hakuna atakayemwamini. Kuna anayesema «tulifanya» mpaka mwisho, na wahojaji hawajui yeye alifanya nini. Kuna anayeeleza ugumu wa mtu kwa kabila lake. Katika jimbo lililojeruhiwa na vita vya kikabila, neno moja kama hilo linatosha kumpotezea nafasi. Na kuna anayetaja jina la chifu ao la mkubwa wake wa zamani. Bunia si kubwa hivyo: anayesikiliza anaweza kuwa ndugu yake.

Asiyewahi kufanya kazi ya mshahara naye ana hadithi za kusimulia. Kamati ya wanafunzi, kwaya, timu ya mpira, kikundi cha akiba na mikopo cha mtaani ambamo mwanachama alikataa kulipa deni: yote hayo ni kushughulika na watu wagumu. Inafaa kutayarisha hadithi mbili ao tatu za kweli. Tena, mengi yalitokea kwa Kiswahili, lakini mahojiano mara nyingi ni kwa Kifaransa. Kumsimulia rafiki kwa lugha zote mbili, ndani ya dakika tatu, kunasaidia ulimi usikwame.

Kuna ugumu mmoja ambao mtafuta kazi hapaswi kuuvumilia. Tarehe 28 Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti juu ya unyanyasaji wa kingono wakati wa Ebola. Ilitaja washukiwa 83, kati yao 21 walioajiriwa na shirika hilo. Wanawake walieleza kwamba waliombwa miili yao ili wapewe kazi. Anayeomba mwili ao franga ili atoe nafasi anavunja sheria, na mashirika mengi yameweka namba ya simu ao sanduku la malalamiko kwa ajili hiyo. Kwa mtu kama huyo, jibu la kwanza ni hapana. La pili ni kumshitaki.